Karafuu Iliyobaki Bakulini

Risala ya wakazi wa Mtaa wa Chini ya Ngome, Mutsamudu, siku ya kufunguliwa Nyumba ya Maelewano, mwaka 2001. Msomaji: Mwalimu Nourhane.

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mjumbe wa Upatanishi, wakuu wa kisiwa mlioketi kulia na kushoto kwake, kadhi wetu, wageni mliovuka bahari kutoka Moroni, mama zetu, baba zetu na majirani: Asalaam aleikum.

Makaribisho

Sisi wakazi wa mtaa huu tunakushukuru kwa kufika. Tumeiandika risala kwa Kiswahili kwa ajili yako. Hapa tunasema Kishindzuani, wenzetu wa Moroni wanasema Kingazidja, na makaratasi ya serikali yanasema Kifaransa. Wewe wa Bara ungeondoka umeambulia salamu tu. Mwandishi ni Bwana Kamardine, aliyeuza vitambaa Unguja miaka kumi na minne. Kila tulipomwomba afupishe, alituuliza nani mwingine hapa amekaa Unguja. Basi ikiwa ndefu, lawama ni zake.

Tunakushukuru pia kwa kukubali kutia karafuu. Ulipofika mlangoni, Bi Zaitoun, yule mama aliyejitanda shiromani, vazi la wanawake wa hapa, nyekundu na nyeupe, alikunyooshea bakuli la udongo, akakupa karafuu moja uitumbukize. Ulicheka, ukauliza kama ni dawa. Tulikujibu kuwa ni desturi ya nyumba na utaelezwa. Sasa tunakueleza, na tunakuomba usichoke mapema.

Historia ya nyumba

Mgeni rasmi, nyumba hii imefanya kazi nyingi, lakini jina lake ni moja tu: Nyumba ya Bi Djaouharia. Baba yake aliijenga kwa mawe na chokaa kabla hata hajatafuta mkwe, kwani kwetu nyumba ni ya binti. Mume huja na nguo zake na heshima zake, na akiondoka huondoka nazo. Kuta hubaki kwa mama, kisha kwa binti wa mama, hivyo hivyo mpaka leo zimefika kwa Bi Zaitoun, ambaye ni wa sita. Yeye anakaa ng'ambo ya kichochoro, lakini lile daraja dogo lililofunikwa, ulilopita chini yake ukainamisha kichwa, linaziunganisha nyumba zake mbili huko juu, ili wanawake wapite bila kushuka njiani.

Siku ya harusi ya Bi Djaouharia watu walifurika hata shangazi yake akahofia mtu asije akafungiwa ndani. Akaweka bakuli mlangoni. Aingiaye atie karafuu moja, atokaye atoe moja, na mlango usifungwe mpaka bakuli liwe tupu. Kuna sharti la pili, nalo tunakuomba ulishike vizuri: hakuna anayemtolea mwenzake. Ukitoa karafuu isiyo yako, umeshuhudia mbele ya Mungu kuwa umemwona mwenyewe akitoka. Mwenye nyumba peke yake hatii karafuu. Yeye haingii wala hatoki, yuko kwake.

Wakati wa wajukuu wa Bi Djaouharia, sehemu ya chini ikawa baraza la kadhi, na bakuli likabaki mlangoni. Wazee wetu walisimulia kuwa siku moja watu walitoka wote, bakuli likawa tupu, kisha akatoka mtu mmoja zaidi. Alinyoosha mkono bakulini, akakuta hamna kitu, akauliza njia ya kwenda mtoni, akaenda. Kadhi wa siku hizo aliwaambia waliokuwapo warudi majumbani wakatawadhe upya. Hatuna maelezo ya jambo hilo, wala hatukuwahi kuyatafuta.

Wakaja Wafaransa wakafanya ofisi. Karani wao alilipiga bakuli marufuku, akasema ni ushenzi. Kwa siku kumi na tisa mlango huu haukukubali kufungwa. Maseremala watatu waliuranda mpaka ukaanza kupitisha mwanga, na bado kila ukisukumwa ulirudi taratibu wenyewe. Siku ya ishirini karani alilirudisha bakuli kwa mikono yake, akatia karafuu mbili, moja ya kuingia na moja ya adabu. Mama mwenye nyumba akamrudishia ya adabu.

Baada ya uhuru ikawa shule ya wasichana, na nusu ya mama unaowaona hapa walijifunza kuhesabu kwa bakuli hilo. Kisha ikawa posta. Mitambo ya simu ilifungwa katika chumba cha tano cha chini, na kutoka Moroni akaletwa fundi wa kuitunza, kijana wa kijiji cha Mvouni aitwaye Sounhadj.

Sounhadj tulimpenda, na tulimcheka. Kingazidja chake kiliwafanya watoto wamfuate njiani wakiiga kila neno. Wasichana wa simu walizoea kuvua shiromani zao kwa joto la mitambo, kwa hiyo naye akazoea kupiga hodi kila mlango, mpaka ikawa ugonjwa. Alipiga hodi chumba kitupu. Alipiga hodi kabati la waya. Aliishi kwa Bi Zaitoun, ambaye ni mjane, akala mezani kwake miaka minne. Akila samaki aliipanga mifupa ukingoni mwa sahani, kuanzia mkubwa mpaka mdogo, kama anayepanga nyaya. Bi Zaitoun alikuwa akimwambia, "We mtoto, umemaliza kula au unafanya kazi?"

Kisha ukaja mwaka 1997, kisiwa chetu kikajitenga na Moroni. Hatukukusanyika hapa kuamua nani alikuwa na haki. Katika hadhara hii wapo waliopeperusha bendera, wapo waliojificha chini ya kitanda, na wapo waliofanya yote mawili kwa wiki moja. Simu za Moroni zilikatwa. Posta ikafungwa, wakaja watu wenye bunduki, nyumba ikawa mahali pa kuwaweka wale walioitwa wa Moroni.

Siku ya kutolewa watu

Wenye bunduki nao waliliacha bakuli mlangoni, kwa kicheko, kama mtu anavyoacha picha ya harusi ya mwenyeji ukutani. Waliokamatwa waliletwa vichwa vimefunikwa magunia. Bi Zaitoun aliwatazama kupitia tundu za dirisha la darajani, na kila alipopita mtu alishuka akatia karafuu kwa niaba yake, maana mikono yao ilifungwa. Kutia kwa niaba ya mtu kunaruhusiwa, Mgeni rasmi. Kutoa ndiko hakuruhusiwi. Alitia arobaini na moja, na mlango ukabaki wazi muda wote, ukilindwa kwa bunduki.

Kati yao hakumtambua Sounhadj. Jioni moja kijana hakurudi kula, na asubuhi yake askari walikuja kuchukua mkoba wake. "Fundi wako amepanda boti," walimwambia. "Tumemwona bandarini kwa macho yetu."

"Ameondoka bila kofia yake?" Bi Zaitoun aliuliza. Kofia aliyoshonewa na mama yake ilikuwa bado kwenye kamba, mbichi.

"Alikuwa na haraka."

Bi Zaitoun aliikunja ile kofia akaiweka. Alimkasirikia kidogo kwa kutoaga.

Mwaka 1999, Ijumaa moja kabla ya sala, Mgeni rasmi, ulikuja wewe. Hukuwa na cheo cha leo, na ulikuwa mwembamba zaidi. Ulisimama pale penye jiwe lililopasuka, una orodha uliyopewa na mkubwa wa wenye bunduki. Watu walitoka mmoja mmoja, kila mmoja akatia mkono bakulini akachukua karafuu yake. Wengine waliitafuna palepale kwa njaa. Walitoka arobaini. Orodha nayo ilisema arobaini.

"Imebaki moja," Bi Zaitoun akasema.

Mkubwa wao akachungulia bakuli. "Hiyo yako, mama. Asubuhi si uliingia na ndoo ya maji?"

"Mimi sitii."

"Leo ulitia, umesahau. Uzee huo." Askari wakacheka.

Bi Zaitoun akakutazama. Ulimwuliza kwa upole, "Kuna tatizo, mama?" na tunashuhudia kuwa ulimwuliza. Lakini honi ya boti bandarini ilikuwa imekwisha kulia mara mbili, na ulikuwa unaangalia saa. Wale arobaini walikuwa bado kichochoroni, wengine peku, wakimwomba kwa macho asirefushe. Alijua fika kuwa hakutia. Aliona neno moja lake linaweza kuwarudisha ndani wote.

"Labda," akasema.

Ukaandika kuwa wote wametoka, ukatia saini kwa mkono wa kushoto. Mlango ukafungwa na karafuu moja bakulini, kwa mara ya kwanza tangu harusi ya Bi Djaouharia. Ukafungika vizuri, bila kelele.

Lile "labda" Bi Zaitoun amelibeba mpaka leo. Anatuomba tuseme kuwa hakukulaumu wewe. Anasema wewe uliandika ulichoambiwa, na aliyekuambia ni yeye.

Mafanikio

Kwa furaha tunakuarifu kuwa wakuu wa kisiwa wameigeuza nyumba hii kuwa Nyumba ya Maelewano. Imepakwa rangi ndani na nje. Kuna feni mbili, viti mia moja, na vyumba vinne vya chini vya mikutano.

Mgeni rasmi, tumesema vinne. Hapo juu tulisema mitambo ya simu ilikuwa chumba cha tano. Mafundi walipofungua nyumba walikuta ukuta mahali penye mlango wa chumba hicho, umepigwa lipu, lipu ambayo si ya kale. Wakaambiwa wapake rangi. Wakapaka.

Changamoto

Rangi ilikauka kote isipokuwa hapo. Waliipaka mara nne. Fundi mkuu, Achraf, kijana mzuri asiye na makuu, alikuwa akiikagua alasiri moja akasikia mtu anapiga hodi. Hakushangaa, mafundi huingia na kutoka. Ikapigwa tena. Ya tatu ilipopigwa yeye alikuwa amejaa mawazo ya rangi yake, akajibu kama alivyofunzwa na mama yake tangu utotoni, bila kugeuka:

"Karibu."

Kisha akageuka. Nyuma yake hapakuwa na mtu, na mlango wa nje ulikuwa umefungwa. Hodi ilikuwa imetokea mbele yake.

Achraf analia mpaka leo kwa jibu hilo. Tunamwambia hakukosa, adabu ni adabu. Lakini tangu siku ile mlango huu wa mbele hukutwa wazi kila asubuhi. Kufuli zimebadilishwa tatu.

Mafundi walikuwa saba. Mpishi wao, Oumaya, alileta sahani saba na ya kwake. Siku iliyofuata hodi ile, alirudi kula akakuta ya kwake imekwisha liwa, na wote saba wakaapa kuwa hawakuigusa. Kesho yake akaleta nane makusudi akala kwao kabla ya kuja. Zilirudi nane, zote zimeliwa. Bi Zaitoun alikuwa akimsaidia kuosha. Akaishika ya nane, akaisogeza kwenye mwanga. Ukingoni mwa sahani mifupa ya samaki ilikuwa imepangwa, mkubwa mpaka mdogo.

Hakumwambia mtu. Alikwenda akaitoa ile kofia sandukuni, akapanda boti ya Moroni iliyofuata. Alikuwa akiomba njia nzima amkute Sounhadj barazani kwao, amenenepa, ana mke, amrushie kofia yake na kumtukana. Hakuna kitu alichokitaka zaidi duniani kuliko kumtukana mtoto yule.

Moroni alipata teksi ya kumpandisha Mvouni. Mama yake Sounhadj, Bi Roukaya, alikuwa uani anaanua nguo. Alipoiona kofia hakuipokea.

"Amekutuma yeye?"

"Hajanituma."

"Basi mwambie sitaki kofia. Pale Moroni mjini niliambiwa ofisini ameoa kwenu, ameapa hatarudi. Miaka miwili nimemnunia. Nimekataa hata kumwombea dua."

Bi Zaitoun akakaa chini bila kukaribishwa. "Sisi tuliambiwa alipanda boti," akasema, "arudi kwako."

Mama mmoja anasema Kishindzuani, wa pili Kingazidja, na kwa kawaida wangesumbuana kidogo. Hapo hakuna aliyesumbuka. Bi Roukaya aliziweka nguo juu ya ukuta.

"Kwako alikuwa anakula samaki?"

"Alikuwa anakula."

"Na mifupa, alikuwa anaifanya nini?"

Bi Zaitoun akamweleza alivyokuwa akiifanya. Kisha akamweleza habari ya sahani ya nane, na ukuta, na orodha ya watu arobaini. Mwisho kabisa akamweleza lile neno lake moja, na alilieleza akitazama mikono yake. "Ile karafuu haikuwa yangu," akasema. "Nilijua siku ileile."

Bi Roukaya akaichukua kofia, akaivuta nyuzi zilizolegea, akaanza kuirekebisha palepale. "Ngoja niimalize," akasema. "Twende wote."

Maombi

Mgeni rasmi, mitaa mingine huomba barabara na maji. Sisi maji tunayo kidogo, na barabara tumeizoea. Ombi letu ni moja.

Tunajua ratiba inasema baada ya risala hii utakata utepe, utahutubia, tutakula sambusa, kisha nyumba itafungwa na ufunguo utakabidhiwa wakuu. Tunakuomba usikate utepe. Mlango huu hauwezi kufungwa. Waalikwa wametia karafuu sitini na mbili, nasi tumezihesabu mara tatu, Mwalimu, kadhi na Bwana Kamardine. Bakulini zimo sitini na tatu.

Tumekwenda ofisi zote kabla ya kukuandikia wewe. Mutsamudu wanasema mtu huyu yuko Moroni. Moroni wanasema yuko Mutsamudu. Sasa mmeketi wote hapa, wa Moroni na wa kwetu, safu moja, na yeye amekosa kuwa upande wowote. Hatudai kulipiza kisasi. Hatutaki hata jina la aliyeujenga ukuta, ingawa yeye mwenyewe anajua tunalijua na leo amevaa suti. Tunataka mtu atolewe, aoshwe, asaliwe, azikwe kwao Mvouni na mama yake akiwapo.

Kwa nini tunakuomba wewe? Kwa sababu karatasi inayosema wote wametoka ina saini yako, na maadamu ipo hakuna fundi wa kisiwa hiki anayethubutu kuugusa ukuta. Uifute kwa mkono uleule. Au, kama una hakika na ulichoandika, bakuli lipo mbele yako: itoe hiyo karafuu moja kwa vidole vyako, mbele ya kadhi na mbele ya Mungu, useme ulimwona akitoka. Sharti tumekwisha kukueleza. Sisi kwa muda wa miaka miwili hakuna aliyeweza.

Kiti chako tumekiweka mahali tulipokiweka kwa makusudi, na tunakuomba radhi. Ukuta wenyewe ni huo ulio nyuma yako. Kama mgongo wako unahisi baridi, feni hazijawashwa, umeme ulikatika kabla hujafika.

Desturi inataka tumalize kwa zawadi. Tumekuona ukikitazama hicho kitu kilichofunikwa kwa shiromani hapo mezani, kando ya bakuli. Wenzetu wa itifaki walidhani ni kasha la marashi ya langilangi. Kifunue tu, Mgeni rasmi. Ni nyundo ya Achraf. Yeye na wenzake sita wamesimama nje wanasubiri neno lako.

Mwisho, tunamtambulisha kwako mgeni wetu. Ni yule mama wa safu ya tatu, mwenye kofia ya kiume mapajani. Ndiye Bi Roukaya, amefika Jumanne. Mlangoni Bi Zaitoun alimnyooshea bakuli kama alivyokunyooshea wewe, akampa na karafuu. Bi Roukaya aliirudisha.

"Mimi sitii nyingine," alisema. "Yangu imo."

Mwenyezi Mungu akuongezee umri na akutie nguvu katika mkono wako wa kushoto. Awarehemu waliotutangulia wenye makaburi, na wasio nayo awarehemu zaidi. Avilinde visiwa vyetu, na kila aliyeingia mahali amjaalie kutoka.

Ni sisi, tuliosimama mlangoni na hatutaufunga,
Wakazi wa Mtaa wa Chini ya Ngome,
Mutsamudu.